Kupiga Msasa kwa Risasi: Yaliyofichika Ndani ya Mtutu

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naandaa habari kuhusu magobore yanayosalimishwa polisi. Mnaujua utaratibu wetu: msamaha unatangazwa, watu wanaleta silaha wanazomiliki bila kibali, kamanda anasimama nyuma ya meza iliyojaa vyuma vyenye kutu, picha inapigwa, na kesho yake gazeti linaandika idadi. Nikasema safari hii nisiishie kwenye idadi. Nikaanza kusoma habari za bunduki, mimi ambaye sijawahi kushika hata ya kupigia ndege.

Katika kusoma nikakutana na jambo lililonishangaza. Wapenda shabaha wa Marekani wana njia ya kulainisha mtutu wa bunduki kwa kuifyatua. Wanachukua risasi, wanaipaka unga wa msasa uliochanganywa na grisi, wanatumia baruti kidogo kuliko kawaida, kisha wanapiga. Risasi inapita mle ndani ikisugua kila mahali penye mkwaruzo. Wanaanza na msasa mkali, wanamalizia na ule laini, kama fundi seremala anavyofanya kwenye mlango au fundi wa gereji anaposaga valvu. Malengo ni mawili: risasi iende ilikoelekezwa, na uchafu usipate pa kushika, ili kusafisha kuwe rahisi.

Jumamosi nikaenda Fukayosi kumsalimia babu. Kwa wasiopajua, Fukayosi ni kata ya wilaya ya Bagamoyo, kwenye barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Huyu babu ni mdogo wake babu yangu mzaa baba, lakini kwetu babu ni babu. Tukakaa nje, tukala mihogo, na baada ya habari za nyumbani nikamweleza habari za Wamarekani na msasa wao.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza swali moja tu: "Sasa mjukuu wangu, huo msasa ukishasugua palipokwaruza, utajuaje kuacha? Si utaila na bunduki yenyewe?"

Nilikosa jibu. Baadaye niliporudi kusoma nikakuta ndilo swali wanalobishania mafundi wenyewe. Ukizidisha, unakula chuma pale risasi inapoanzia safari yake, na bunduki iliyokuwa nzuri inaharibika. Mzee aliyeishia darasa la nne aliliona hilo kabla hajamaliza muhogo wake.

Lakini babu anaijua mitutu kwa sababu nyingine. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni mamba wa Ruvu. Jioni ile ndiyo akanieleza ukweli. Miaka ya sabini alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe shambani. Alilishindilia akalitundika ukutani tayari kwa kazi, likakaa siku kadhaa. Nyigu akajenga nyumba yake ya udongo ndani ya mdomo wa mtutu. Usiku nguruwe walipoingia kwenye mahindi, babu akalichukua gizani bila kuangalia, akafyatua. Baruti haikupata pa kutokea. Mtutu ukapasuka mkononi mwake.

"Bunduki ina adui wawili," akaniambia. "Yule unayemlenga, na uchafu ulio tumboni mwake. Huyo wa pili ndiye aliyenipata."

Niliporudi mjini maneno hayo hayakuniacha. Nikaanza kuisoma upya historia ya pwani yetu, ile ya Abushiri na Wajerumani tuliyokariri shuleni, lakini safari hii nikiangalia ndani ya mtutu. Nawaambieni, kuna mambo mle ambayo kitabu cha shule hakikutuambia.

TUANZE NA CHUMA CHENYEWE

Gumegume la zamani, na gobore la leo, lina mtutu mtupu kama bomba la maji. Unamimina baruti mdomoni, unaweka risasi ya mviringo, unashindilia kwa mdeki. Risasi ni lazima iwe ndogo kidogo kuliko tundu, la sivyo haitashuka. Kwa hiyo ikifyatuliwa inatoka ikigonga huku na huku, na inapouacha mdomo hakuna ajuaye itaelekea wapi hasa. Ukivuka hatua mia hivi, kumpata mtu uliyemlenga ni bahati zaidi kuliko shabaha.

Raifo ni kitu kingine. Ndani ya mtutu wake mmechongwa mifereji midogo inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Risasi inabanwa na mifereji ile, inalazimika kuzunguka, na inatoka ikizunguka kwa kasi kubwa. Sote tumecheza pia utotoni. Pia ikizunguka inasimama wima, ikiacha kuzunguka inalala. Risasi ni hivyo hivyo: inayozunguka inashika njia yake, isiyozunguka inayumba.

Tatizo la mifereji ni uchafu. Baruti nyeusi ya zamani ilipoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake ilibaki kuwa moshi mzito na masizi. Masizi yakajaa kwenye mifereji, na baada ya mapigo machache risasi haikushuka tena. Tena masizi yale yana chumvichumvi inayovuta unyevu wa hewa. Piga bunduki leo, iache bila kuiosha kwenye upepo wa bahari, na baada ya siku chache utakuta kutu.

Ndiyo maana historia ya raifo ni historia ya watu wanaohangaika na usafi. Mwaka 1857 askari wa Kihindi walioajiriwa na Waingereza waliasi, na moja ya cheche za uasi ule ilikuwa grisi. Raifo mpya ya Enfield ilihitaji karatasi ya risasi iliyopakwa mafuta ili iteleze kwenye mtutu uliojaa masizi, na askari alitakiwa kuing'ata karatasi ile kwa meno. Zikaenea habari kwamba ni mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu na Mwislamu wakachukizwa kwa pamoja. Mwaka huohuo, hapa kwetu Kaole, Burton na Speke walikuwa wanaanza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Waingereza hawakuishia hapo. Mwaka 1888 walitoa raifo ya Lee-Metford, ambayo mifereji yake ilikuwa na kina kidogo na kona za mviringo, makusudi ili masizi yasipate pembe ya kujificha. Muda mfupi baadaye ikaja baruti isiyo na moshi, ambayo moto wake ni mkali zaidi, ikaila mifereji ile upesi. Mwaka 1895 wakalazimika kuchonga mifereji mingine mitano yenye kina zaidi, ikaitwa Enfield. Dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule ilikuwa inakuna kichwa juu ya jambo lilelile la babu yangu: tumbo la bunduki.

BAGAMOYO, SOKO LA VYUMA CHAKAVU

Sasa twende kwetu. Kuanzia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha harakaharaka. Ufaransa ilipata bunduki mpya mwaka 1866, ikabadilisha tena mwaka 1874. Ujerumani ikapata Mauser ya mwaka 1871. Kila jeshi lilipobadilisha, za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Zikaishia wapi? Nyingi ziliishia Afrika. Zikafika Zanzibar kwa meli, zikavushwa Bagamoyo, Saadani na Pangani, zikapanda bara kwa misafara, na pembe za ndovu na watumwa wakashuka kwa njia hiyohiyo.

Tusidanganyane hapa. Bunduki zile zilichoma vijiji. Kuna babu zetu waliozitumia kukamata babu za wenzetu. Mwandishi anayeficha hilo ili kuisifia pwani anaandika ngano.

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Soma kwa makini kilichomtia hofu. Aliona kwamba kama biashara ile haitazuiwa, siku wazungu watakapokuja kulitawala bara hili watawakuta watu wengi wakiwa na raifo za daraja la kwanza, zile za kupakilia nyuma. Zilizomkosesha usingizi hazikuwa gumegume za kushindilia. Zilikuwa zile zenye mifereji.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake kwenye miji ya pwani, na watu wakakataa. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano kuanzia Pangani hadi Bagamoyo, na Bwana Heri bin Juma akashika Saadani. Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, Wasudani waliochukuliwa Misri na Washangani kutoka Msumbiji, wakiwa na Mauser za mwaka 1871. Tarehe 8 Mei 1889 walivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo na kuivunja. Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipambana kwenye maboma yake ya miti, akasalimu amri mwaka 1890.

Wapo waliokuwa na bunduki nzuri upande wa Abushiri na Bwana Heri, lakini wengi walishindilia. Mwenye gumegume anahitaji kukusogelea. Mwenye Mauser anaanza kukupiga ukiwa bado mbali, tena amelala chini, maana hahitaji kusimama ili ashindilie. Ujasiri hauzibi pengo la namna hiyo.

SHERIA YA TUMBO LA BUNDUKI

Hapa ndipo nilipoacha kikombe cha chai kikapoa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, Zanzibar ikiwamo, yalitia sahihi mkataba Brussels. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa hilo nani atapinga? Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo lote la Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa raifo na silaha zilizoboreshwa. Kilichoruhusiwa kutoka ghalani na kuuzwa kwa watu kilikuwa gumegume la jiwe lenye mtutu usio na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Vyombo vya kisasa vikabaki kwa majeshi ya serikali na kwa wenye vibali maalumu.

Mnaona? Mkataba uliingia mpaka ndani ya mtutu. Uliandika kwenye karatasi chuma cha Mwafrika kiweje tumboni. Na majeshi ya Ulaya yenyewe yalikuwa yameanza kuyaacha magumegume ya jiwe nusu karne nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1830. Mwafrika akaambiwa abaki huko.

Je, sheria ilipunguza ukamataji wa watumwa? Yawezekana ilisaidia. Je, ilirahisisha kututawala? Hilo halina shaka. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na sisi waandishi tunapenda kuchagua moja.

Magendo hayakukosekana, bila shaka. Yupo Charles Stokes, Mwailandi aliyekuja mwaka 1878 kama mtu wa misheni, akageuka kuwa mkubwa wa misafara iliyoanzia Saadani, akaishia kunyongwa Kongo mwaka 1895 na ofisa wa Kibelgiji kwa shutuma za kuwauzia silaha adui zao. Alipokuwa anauza pembe alikuwa muungwana. Bunduki ndizo zilizomponza.

Wahehe walilipatia pengo hili jibu lao. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, waliuacha msafara wa Zelewski uingie vichakani mpaka karibu kabisa, kisha wakauvamia kwa mikuki. Raifo inayofika mbali haina faida kubwa ikiwa adui ameshakushika shati. Lakini ujanja wa Lugalo haurudiwi kila siku.

Na Maji Maji? Shuleni tulicheka. Watu wazima wanaamini dawa itageuza risasi kuwa maji! Siku hizi sicheki. Hili ni wazo langu, mnaweza kulipinga. Mwaka 1905 wengi wa waliokunywa maji ya Kinjikitile bunduki waliyoizoea ilikuwa ya kushindilia. Bunduki ya namna hiyo hukosa, na hukosa mara nyingi. Mtu ambaye maisha yake yote ameona risasi zikipotea njia, si mjinga sana akiamini kuwa ipo dawa ya kuzipoteza zaidi. Tarehe 30 Agosti 1905, mbele ya boma la Mahenge, walikutana na bombomu na raifo ambazo hazikupoteza njia.

MOSHI WA TANGA, CHUMVI YA MANZA

Halafu gurudumu likageuka. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa Wajerumani hapa walikuwa bado na Mauser zilezile za 1871 zenye baruti nyeusi. Silaha iliyomshinda Abushiri ilikuwa sasa imezeeka. Novemba 1914, kwenye vita vya Tanga, kila aliyefyatua aliacha wingu la moshi juu ya kichwa chake kuonyesha alipo. Walishinda hata hivyo, na nyuki wakachukua sehemu ya sifa. Lakini Lettow-Vorbeck alichokifurahia sana ni nyara: raifo za kisasa za kutosha makombania matatu, na risasi zaidi ya laki tano.

Aprili 1915 meli ya Rubens iliyobeba silaha kutoka Ujerumani ilifukuzwa na Waingereza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama maji ya kina kifupi. Shehena ikaopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ilibidi zifunguliwe, baruti ianikwe, zifungwe tena, na bado nyingi hazikulipuka. Nawaza wale waliokaa chini ya miti wakianika baruti kama wanavyoanika dagaa. Agosti 1916 Waingereza wakashuka Bagamoyo na kuiteka.

Waingereza nao walikuja na adui yao wa ndani. Baruti yao haikuwa na moshi, lakini fataki za risasi ziliacha chumvi inayofanana na ya mezani. Dawa ya askari ilikuwa maji yanayochemka yaliyomiminwa kwenye mtutu, kitambaa cha kamba kikavutwa, kisha mafuta. Hakuna cha siri. Babu alifanya vilevile Fukayosi, ila yeye alitumia majivu laini ya jikoni kusugulia, kama mama anavyosugua sufuria, na mafuta ya nazi kumalizia.

TURUDI KWENYE GOBORE

Sasa niambieni, yale magobore kwenye meza ya kamanda ni nini? Bomba lisilo na mifereji. Baruti mdomoni. Mdeki. Zaidi ya miaka 130 baada ya Brussels, kijana wa kijijini anakamatwa na kitu kilekile ambacho mkataba ule ulimwachia babu wa babu yake. Simtetei. Sheria ya mwaka 2015 iko wazi, gobore bila kibali ni kosa, na tembo na twiga wa Saadani wana haki ya kuishi. Mkono wa babu nao unanitosha kujua kwamba bomba la mtaani si la kuchezea. Lakini tukipiga picha ile tujue tunachokipiga. Ile ni alama ya zuio la zamani lililokuwa na nia zaidi ya moja.

Na Mmarekani anayepiga msasa kwa risasi yuko mwisho mwingine wa hadithi hiyohiyo. Yeye mifereji anayo, anaing'arisha ili apunguze kosa la unene wa kidole kwenye karatasi ya shabaha. Ni mchezo. Sisi mchezo huo ulitugharimu nchi.

Babu alipata gobore jingine baada ya lile lililopasuka. Safari moja ya msamaha akalisalimisha. Nilimuuliza alilipelekaje.

"Nililiosha kwanza," akasema. "Maji ya moto, majivu, mafuta. Nikalifunga kwenye mkeka, nikapanda bodaboda."

"Babu, uliosha kitu kinachokwenda kuchomwa?"

Akaniangalia kama mtu anayeanza kutilia shaka shule niliyosoma.

"Kwani maiti haioshwi?"

Ndugu zangu, wengi wenu mna wazee Bagamoyo, Pangani, Kilwa, Mahenge. Waulizeni habari za bunduki za zamani kabla hawajaondoka nazo. Halafu njooni mniambie: mnadhani Abushiri angekuwa na mifereji, leo tungekuwa tunasimulia nini?